Sanamu ya mji ikichukiwa: nani aliulizwa, na nani ana haki ya kuiondoa?

Januari 2024, wakazi wa Eldoret nchini Kenya waliona sanamu mpya zimesimamishwa mjini mwao. Mji ulikuwa ukijiandaa kupandishwa hadhi kuwa jiji, na kwa kuwa Eldoret inasifika duniani kwa wakimbiaji wake, baadhi ya sanamu hizo zilikuwa za wanariadha. Picha zikaanza kuzunguka kwenye simu. Watu walicheka kwanza, kisha wakakasirika. Walisema sura zile hazifanani na mwanariadha yeyote wanayemjua, na kwamba mji wenye mabingwa wa dunia ulistahili kazi bora kuliko ile. Haukupita muda, sanamu zikaondolewa.

Mwezi uliofuata, tarehe 18 Februari, sanamu ya Mwalimu Julius Nyerere ilizinduliwa kwenye makao makuu ya Umoja wa Afrika, Addis Ababa. Watanzania wengi waliifurahia heshima hiyo, lakini wengi pia waliandika kwenye mitandao kwamba sura ile si ya Mwalimu. Hiyo haikung'olewa.

Sanamu mbili, malalamiko ya aina moja, mwisho tofauti. Ndipo linapokuja swali ambalo makala hii inajaribu kulijibu: kitu kinachosimamishwa mahali pa wote kikichukiwa na watu, nani ana haki ya kusema kibaki au kiondoke? Na je, hasira ya siku ya kwanza ndiyo hukumu ya haki?

Kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wa vijijini

Huenda ukasema sanamu ni mambo ya watu wa mjini. Si kweli kabisa. Mjini tunakwenda sote: sokoni, hospitali ya rufaa, mahakamani, stendi ya mabasi. Tena mfuko wa halmashauri au wa kaunti ni mmoja. Shilingi inayopamba kipilefti, au raundabauti kama wanavyoita Kenya, inatoka kwenye mfuko ule ule unaonunua dawa za zahanati na kukarabati barabara ya kijiji.

Kuna tofauti nyingine muhimu. Picha iliyotundikwa sebuleni kwa mtu ni yake mwenyewe. Ukiingia kwake na hukuipenda, utanyamaza, utakunywa chai na kwenda zako. Hata redio, kipindi kisipokupendeza unazima. Sanamu ya barabarani huwezi kuizima. Utapita mbele yake leo, kesho na mtondo, utake usitake. Ndiyo maana hasira yake huwa kubwa kuliko ya nyimbo au filamu.

Malalamiko ya watu kuhusu sanamu huwa ya aina nne: haifanani, hatuielewi, inatuzibia, na imekula pesa zetu. Ni vizuri kuzitenganisha, maana hazimaliziki kwa njia moja. Aina ya kwanza tumeiona Eldoret na Addis Ababa. Tuzitazame hizo nyingine tatu kwa mifano ya miji mingine.

“Hatuielewi”: Chicago na Paris

Tarehe 15 Agosti 1967, meya wa Chicago nchini Marekani, Richard J. Daley, alivuta kamba na kitambaa kikubwa kikaanguka. Nyuma yake kulikuwa na sanamu ya chuma yenye urefu wa mita 15 hivi na uzito wa zaidi ya tani 140. Ilibuniwa na Pablo Picasso, msanii aliyezaliwa Hispania na kuishi Ufaransa. Picasso hakuipa jina wala hakueleza ni kitu gani. Watu wakaanza kubahatisha. Mmoja alisema ni kichwa cha mwanamke, mwingine mbwa, mwingine nyani, mwingine ndege.

Wengi waliona wametukanwa. Diwani mmoja wa jiji, John Hoellen, alipendekeza iondolewe na mahali pake iwekwe sanamu ya Ernie Banks, mchezaji wa besiboli aliyependwa sana mjini humo.

Haikuondolewa, na leo ni alama ya Chicago. Watoto huteleza kwenye sehemu yake ya chini iliyoinama, na watu hupanga kukutana hapo. Tuangalie mambo mawili. Kwanza, Picasso alikataa malipo ya dola 100,000 aliyopewa, akautoa ubunifu wake kama zawadi, na sehemu kubwa ya gharama za kuijenga ililipwa na mifuko ya hisani. Mlipa kodi hakubebeshwa mzigo mkubwa. Pili, sanamu iliwekwa kwenye uwanja mpana na kuacha nafasi ya kupita pande zote. Watu waliudhika, lakini hawakunyang'anywa kitu.

Paris yalitokea ya kufanana na hayo, miaka 80 kabla. Tarehe 14 Februari 1887, mnara wa Eiffel ukiwa ndiyo kwanza umeanza kujengwa, gazeti la Le Temps lilichapisha barua ya kuupinga. Walioitia saini walikuwa watu wazito: waandishi, wachoraji, wanamuziki na wasanifu majengo, akiwemo mwandishi Guy de Maupassant na Charles Garnier aliyesanifu jumba la opera la Paris. Waliona mnara ule wa chuma ungeuharibu mji wao.

Mnara ulikamilika 1889, ukiwa na urefu wa takriban mita 300. Kibali chake kilikuwa cha miaka 20 tu, baada ya hapo jiji lingeweza kuubomoa. Kilichouokoa ni mawimbi. Mhandisi Gustave Eiffel aliruhusu majaribio ya simu ya upepo juu yake, jeshi likaona faida ya mlingoti mrefu kama huo, na kibali kikaongezwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 mnara huo ulikuwa tayari unarusha vipindi vya redio. Sisi watu wa redio hatuwezi kuusahau mfano huo.

Funzo la miji hii miwili ni kwamba ugeni si ubaya. Kitu ambacho jicho halijakizoea hukera mwanzoni. Kisha watoto huzaliwa wakikikuta, na kwao kinakuwa kama mti mkubwa wa kijijini: hakuna anayeuliza nani aliupanda.

“Inatuzibia”: ukuta wa chuma wa New York

Mfano wa tatu ndio unaozungumzwa zaidi duniani katika mambo haya, nao haukuisha vizuri.

Marekani, idara ya serikali kuu inayosimamia majengo ya umma ilikuwa na utaratibu wa kutenga nusu ya asilimia moja ya gharama za jengo jipya kwa ajili ya sanaa. Mwaka 1979 idara hiyo ilimpa kazi mchongaji Richard Serra, msanii aliyekuwa na jina kubwa. Alitakiwa atengeneze sanamu kwa ajili ya uwanja ulio mbele ya jengo la ofisi za serikali huko Manhattan, katikati ya jiji la New York.

Mwaka 1981 kazi ikasimamishwa. Iliitwa Tilted Arc, yaani upinde ulioinama. Ulikuwa ukuta wa chuma wenye urefu wa mita 36 na kimo cha mita 3 na nusu hivi, umepinda kidogo na kuegemea upande mmoja. Chuma chenyewe ni cha aina inayoachwa ipate kutu juu, na kutu hiyo ndiyo inayokilinda kisiliwe zaidi. Gharama ilikuwa dola 175,000.

Ukuta ulipita katikati ya uwanja. Mfanyakazi aliyezoea kukatisha moja kwa moja kutoka barabarani hadi mlangoni sasa alilazimika kuuzunguka. Aliyetaka kukaa nje mchana ale chakula chake aliona chuma chenye kutu mbele yake. Wengine walilalamika kwamba watu wanauandika maandishi ya ovyo na kukojoa pembeni yake. Katika miezi ya mwanzo tu, watu wapatao 1,300 walitia saini waraka wa kutaka uondolewe. Jaji Edward Re, aliyekuwa na ofisi hapo, aliandika barua za kuupinga tangu mwanzo.

Tumpe na Serra haki yake. Hakuwa ameweka ukuta pale kwa kukurupuka. Alichunguza jinsi watu wanavyopita, na nia yake ilikuwa kumfanya mpitaji, ambaye kila siku hupita akiwaza mambo mengine, atambue mahali alipo na jinsi anavyotembea. Kwake, ukuta na uwanja ule vilikuwa kitu kimoja. Kwa hiyo alishikilia kwamba kuuhamisha ni sawa na kuuharibu. Tena alikuwa na mkataba wa serikali. Idara ilikuwa imeuona mpango wake na kuukubali.

Mwaka 1984 idara hiyo ilipata mkuu mpya wa mkoa huo, William Diamond. Machi 1985 aliitisha kikao cha siku tatu cha kusikiliza maoni. Watu 180 walizungumza: 122 walitaka ukuta ubaki, 58 walitaka uondoke. Hata hivyo jopo la watu watano lililosikiliza lilipiga kura nne kwa moja kwamba uondolewe.

Hapo pana jambo la kufikiria pande zote mbili. Waliotetea walikuwa wengi zaidi kikaoni, lakini kati yao walikuwepo wasanii na wataalamu wengi ambao hawakuwa wakipita hapo kila asubuhi. Kwa upande mwingine, mwenyekiti wa kikao, Diamond mwenyewe, alikuwa ameonyesha wazi kabla ya kikao kwamba anataka ukuta uondoke. Mwamuzi aliyeingia uwanjani amevaa jezi ya timu moja hawezi kuaminiwa na timu ya pili, hata kama bao ni la halali.

Serra alikwenda mahakamani mwaka 1986. Akashindwa, na 1988 akashindwa tena kwenye rufaa. Mahakama iliona kwamba serikali iliinunua kazi ile, hivyo ni mali yake, na uamuzi wa kuiondoa mahali pake ni wake. Usiku wa tarehe 15 Machi 1989 mafundi walikuja, wakaukata ukuta vipande vitatu na kuupeleka ghalani. Serra alifariki dunia Machi 2024. Ukuta haujasimamishwa tena popote, kwa sababu mwenyewe alisema mahali pake ni pale tu.

Mwaka mmoja baada ya kukatwa kwake, 1990, Marekani ilipitisha sheria inayowapa wachoraji na wachongaji haki fulani juu ya kazi zao hata baada ya kuziuza, ikiwemo kupinga kuharibiwa kwa kazi yenye sifa inayotambulika.

Ukuta wa New York na sanamu ya Chicago vimetengenezwa kwa chuma cha aina moja, chenye kutu ile ile. Vyote viwili vilionekana vigeni kwa watu wa mji. Kilichovitenganisha ni kwamba kimoja kilimwachia mtu njia yake na kingine kiliikata, tena mbele ya watu wasio na njia nyingine ya kwenda kazini.

“Imekula pesa zetu”: mlima wa Dakar

Mfano wa nne tuuchukue hapa hapa Afrika. Tarehe 3 Aprili 2010, mkesha wa miaka 50 ya uhuru wa Senegal, Rais Abdoulaye Wade alizindua sanamu kubwa juu ya kilima jijini Dakar. Ni mwanamume aliyembeba mtoto akiwa na mwanamke, wakitokeza kama kutoka ndani ya mlima. Ina kimo cha takriban mita 50. Inaitwa Mnara wa Mwamko wa Afrika, na ilijengwa na kampuni ya serikali ya Korea Kaskazini.

Marais wengi wa Afrika walihudhuria. Siku hiyo hiyo maelfu ya watu waliandamana kuipinga. Gharama iliyotangazwa ilikuwa karibu dola milioni 27, katika nchi ambayo umeme ulikuwa ukikatika mara kwa mara na vijana wengi hawana kazi. Malipo yenyewe yalipitia ardhi ya umma iliyotolewa kwa mfanyabiashara, jambo lililozidisha maswali. Wasanii wa Senegal waliuliza kwa nini kazi ya kuisifu Afrika ikajengwe na watu wa mbali.

Imani nayo iliguswa. Maimamu walisema sanamu hazifai katika Uislamu, na kwamba mavazi ya mwanamke yule hayana heshima, kwa kuwa mguu wake uko wazi. Rais alipojitetea kwa kulinganisha sanamu yake na vilivyomo makanisani, Wakristo nao walikasirika, na ikabidi aombe radhi. Lakini kilichowashangaza wengi zaidi ni madai ya Rais Wade kwamba yeye binafsi anastahili asilimia 35 ya mapato ya watalii, kwa sababu wazo lilikuwa lake.

Mwaka 2012 Wade alishindwa uchaguzi, kwa sababu nyingi. Sanamu ilibaki. Leo wageni hupanda ngazi hadi miguuni pake na kuingia hadi kichwani mwa yule mwanamume kutazama bahari na mji. Wapo Wasenegali wanaoionea fahari. Macho yamezoea umbo lake. Lakini maswali ya pesa na ardhi hayakufutwa na mazoea. Ukiwauliza wanaoipinga hadi leo, wengi hawatakwambia habari ya uzuri au ubaya wake. Watakuuliza ilijengwa kwa mali ya nani.

Tunajifunza nini

Tukiiweka mifano hii pamoja, tunaona kwamba muda ni fundi mzuri wa jambo moja tu: ugeni. Sanamu isiyoeleweka inaweza kupendwa na wajukuu. Lakini muda hauirudishi njia iliyozibwa, hauzirudishi pesa zilizotumika bila maelezo, wala haumfanyi mwanariadha afanane na sanamu isiyo yake.

Pia tunaona kosa linalojirudia. New York waliitisha kikao miaka minne baada ya ukuta kusimama. Dakar watu walipata nafasi ya kusema barabarani tu. Eldoret maoni yalikuja kwa kicheko cha mitandaoni, na kazi ambayo tayari ilikuwa imesimamishwa ikaondolewa. Kuuliza baada ya kujenga kunamtesa kila mtu: mwananchi anayeonekana mshamba, msanii anayeaibishwa, na mfuko unaolipa mara mbili, kuweka na kung'oa.

Maswali ya kuuliza mapema

Ukisikia mji wenu unapanga sanamu au mnara, haya ni maswali ya haki kabisa kumuuliza diwani, au mwakilishi wadi kwa ndugu zetu wa Kenya:

1. Ni kiasi gani, na kinatoka mfuko upi? Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Ulizia pia gharama za kuitunza baada ya uzinduzi.

2. Nani amechaguliwa kuitengeneza, na kwa njia gani? Je, wachongaji wa hapa nyumbani walipewa nafasi ya kushindana?

3. Je, tunaweza kuona mfano mdogo kwanza? Mchongaji mzuri hutengeneza kimfano cha udongo au cha plasta kabla ya kazi kubwa. Kama sanamu ni ya mtu halisi, familia yake au waliomjua wakione hicho kwanza. Kurekebisha pua ya udongo ni kazi ya dakika, ya shaba au saruji ni hasara.

4. Itasimama wapi hasa? Nani anapita hapo, nani anauza hapo, nani anapumzika hapo? Hao ndio wa kuulizwa kabla ya wengine wote.

5. Ikikataliwa, utaratibu ni upi? Mkataba useme mapema kama inaweza kuhamishwa, na msanii alijue hilo kabla ya kutia saini.

Sheria zinakupa nguvu ya kuuliza. Katiba ya Kenya ya 2010 inataja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, Ibara ya 10, na Ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Tanzania ina Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, na mkutano mkuu wa kijiji ni mahali halali pa kuhoji matumizi.

Na kama sanamu imeshasimama na hamuitaki, msiivunje wala kuipaka rangi usiku. Hilo ni kosa, na litageuza mjadala wa sanamu kuwa kesi yako. Andikeni barua, kusanyeni saini, mseme wazi kinachowakera ni kipi kati ya yale manne. Kama ni ugeni tu, huenda ikafaa kuipa muda. Kama ni njia, pesa au sura ya mtu mnayemheshimu, semeni hivyo na mdai majibu kwa maandishi.

Kwa hiyo kikao kijacho cha bajeti, ukisikia kifungu cha kupendezesha mji, usipitwe ukidhani ni maua ya kandokando ya barabara. Nyoosha mkono, uulize ni nini kitakachojengwa, kwa shilingi ngapi, na nani atakayekiona kila siku.